Vidole viwili vinatosha

Wandugu, kisha zamu ya usiku vidole vya mwenye kushika mashine ya kutoboa mawe vinakuwa kama si vyake: vyeupe, vya ganzi. Wengine walishaacha kimoja mu mgodi. Ndio maana leo tunasema juu ya gitare.

Jean-Bosco Mwenda, ule Hugh Tracey alimurekodi ku Jadotville (leo Likasi) mu 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Kule Marekani Gary Davis, kipofu, naye vilevile.

Tushike akordi ya mi. Gumba linagonga uzi wa 6, ule mnene, kisha wa 4, linarudia, sawa mwendo wa miguu. Kazi yote iko hapo. Juma la kwanza ni gumba peke yake, hata mama wa nyumba akichoka kusikia! Halafu shahada inaokota uzi wa 3, wa 2, wa 1, kimoja kimoja, kati ya mapigo ya gumba. Bluzi yenyewe ni mizunguko 12, kila mmoja mapigo 4: mi 4, la 2, mi 2, si 1, la 1, mi 2. Polepole.

Na kama majuma yanapita, kidole hakisikii uzi, si uvivu: ni mtetemo wa mashine. Mwende kwa munganga, aandike, na ile karatasi mutuletee siye wadelege mbele ya kurudi ku mashine.