Tuitunze Propela Shafti Kabla Haijatuangusha

Kabla ya safari, dereva mwangalifu hupima mafuta ya injini, maji ya rejeta na upepo wa magurudumu. Ni wachache wainamao chini ya gari kuitazama propela shafti, ilhali katika malori na magari mengi ya kazi ndiyo ipelekayo nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma.

Shafti hiyo ni bomba la chuma lililounganishwa na giaboksi upande mmoja na difu upande wa pili. Gari lipitapo shimoni, ekseli hupanda na kushuka pamoja na springi, lakini giaboksi hubaki mahali pake. Kwa hiyo shafti hulazimika kupinda na kurefuka huku ikizunguka. Hurefuka kwa meno yatelezayo ndani ya mrija wake, na hupinda kwa viungo viitwavyo krosi, yaani chuma chenye umbo la msalaba ambacho ncha zake nne hukaa ndani ya vikombe vyenye beringi nyembamba kama sindano. Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya kutumia kiungo cha namna hiyo katika magari mwaka 1903, wakati ambapo magari mengi yaliendeshwa kwa minyororo.

Maadui wa krosi ni ukavu, maji na vumbi. Kwa bahati njema, shafti haifi bila kuaga. Mlio mkavu mfano wa ndege gari likienda polepole, kishindo dereva atiapo gia, mtetemeko unaozidi kwa kasi fulani, na vumbi la kutu kandokando ya vikombe, zote ni dalili za maradhi. Mwenye kuzipuuza akumbuke kwamba shafti ikikatika mbele mwendoni, ncha yake yaweza kuchimba barabara na kulipindua gari.

Tiba yake si ghali. Penye tundu la grisi, pampu grisi mpaka mpya ichomoze kwenye ncha zote nne. Fanya hivyo kwa muda uliowekwa na kiwanda, na kila baada ya kuvuka maji mengi. Krosi zisizo na tundu hazitiwi grisi; zikilegea hubadilishwa. Kaza boti zote. Kabla ya kuifungua shafti, itie alama ili irudi vile vile ilivyokuwa. Krosi iliyopinda huongeza na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili ndiyo isawazishayo. Meno yakiingizwa pasipo mahali pake, mtetemeko hautakwisha.

Jambo la mwisho lahusu uhai wa fundi. Katika Land Rover za zamani, breki ya mkono haikamati magurudumu yenyewe. Hukamata shafti ya nyuma, penye giaboksi. Shafti hiyo ikifunguliwa, breki ya mkono haizuii tena magurudumu ya nyuma, wala gia haiyazuii. Gari lililosimama mteremkoni litaondoka likiwa juu ya mtu. Basi lisimamishwe mahali tambarare, na magurudumu yazuiwe kwa vigogo imara kabla boti ya kwanza haijalegezwa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Grisi kidogo leo ni salama ya abiria kesho.