Saratani ya tezi dume inapofika mifupani

Kwa zaidi ya miaka 80, hospitali ya saratani ya Jules Bordet ilikuwa umbali mfupi kutoka kituo cha treni cha Gare du Midi, mjini Brussels. Mwaka 2021 ilihamia Anderlecht. Jiji hilo pia ni makao makuu ya EORTC, shirika la Ulaya la utafiti wa tiba ya saratani, ambalo limewafunza madaktari jambo muhimu kuhusu mifupa ya wagonjwa.

Saratani ya tezi dume ikisambaa, aghalabu hukimbilia uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Wanaume wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuipata, na wengi hudhani maumivu ya mgongo ni uzee tu.

Tiba ya msingi ni kupunguza homoni ya kiume inayoilisha saratani. Lakini tiba hiyo hiyo hudhoofisha mifupa.

Dawa ya radiamu-223 hufanana na kalsiamu, hivyo huvutwa hadi penye uvimbe mfupani na kutoa mionzi ya masafa mafupi mno. Hata hivyo, utafiti mmoja wa kimataifa ulipoichanganya na abirateroni, wagonjwa wengi zaidi walivunjika mifupa. EORTC, iliyokuwa ikiijaribu pamoja na enzalutamidi, ikaagiza kila mgonjwa apewe dawa ya kulinda mifupa, yaani asidi ya zoledroniki au denosumabu. Visa vya kuvunjika vikapungua mno.

Matokeo ya mwaka 2024, kwa wanaume 446, yalionyesha kuwa ugonjwa ulidhibitiwa kwa wastani wa miezi 19.4 kwa waliopewa dawa zote mbili, dhidi ya 16.4 kwa waliopewa enzalutamidi pekee.

Kabla ya dawa za mifupa, meno hukaguliwa, kwani taya huweza kudhurika. Kalsiamu na vitamini D huongezwa.

Penye maumivu, mionzi ya mara moja tu mara nyingi hutuliza sawa na ya siku kadhaa. Nchini Uganda, mofini ya kunywa imewapa nafuu wagonjwa wengi tangu miaka ya 1990.

Mgonjwa anayelegea miguu ghafla, au kushindwa kuzuia mkojo, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo ukibanwa, kuchelewa kwa saa chache huweza kumaanisha kutotembea tena.