Mpangilio au Uteuzi? Jiulize Swali Moja

Ndugu mwanafunzi, katika madhehebu ya Imamu Shafii tunafundishwa kuwa tartibu ni faradhi ya udhu: uso, mikono, kichwa, kisha miguu. Ukivipangua viungo hivyo, udhu haukutimia. Lakini ukimpelekea jirani mchele, maharage na sukari, hakuna atakayeuliza kipi kilitangulia kuingia kikapuni.

Katika Hisabati, kuhesabu njia nako kuna milango hiyo miwili. Pale ambapo nafasi ina maana, huo ni mpangilio. Pale tunapotazama tu nani yumo, huo ni uteuzi. Wengi hukosa alama si kwa kutojua kuzidisha, bali kwa kuingia mlango usio wao.

Tuchukue wanafunzi 6. Ustadhi anataka mmoja asalishe na mwingine aadhini. Wa kusalisha anapatikana kwa njia 6, wa kuadhini kwa njia 5 zilizobaki: 6 × 5 = 30. Ali imamu na Juma muadhini si sawa na Juma imamu na Ali muadhini.

Sasa anataka wawili wafagie msikiti. "Ali na Juma" ni wale wale "Juma na Ali". Ile 30 imehesabu kila jozi mara mbili, kwa hiyo 30 ÷ 2 = 15. Wangekuwa watatu, tungegawa kwa 6, kwani watu watatu hupangika kwa njia 3 × 2 × 1 = 6.

Jambo hili wanazuoni wetu walilijua zamani. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyeishi Basra katika karne ya 8, alieleza katika kamusi yake, Kitab al-Ayn, kuwa herufi 3 hutoa mipangilio 6, herufi 4 hutoa 24, na herufi 5 hutoa 120. Kaf, ta na ba hutoa kataba, yaani aliandika. Zipange upya upate bataka, yaani alikata. Herufi ni zile zile, maana ni nyingine. Hata hivyo, mipangilio yote 6 aliiweka katika mlango mmoja wa kamusi, kwa kuwa kundi la herufi ni moja.

Tahadhari: neno "chagua" lisikudanganye. Kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina kati ya watu 10 ni mpangilio: 10 × 9 × 8 = 720. Kuchagua watatu tu wa kwenda Kondoa kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani ni uteuzi: 720 ÷ 6 = 120.

Basi kabla hujashika kalamu, jiulize: nikiwabadilishana nafasi, je, jambo limebadilika? Likibadilika, acha jibu la kuzidisha lilivyo. Lisipobadilika, gawanya.

Jipime: kati ya wanafunzi 8, watatu watapewa zawadi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Njia ni ngapi? Na kama zawadi zote tatu ni sawa? Majibu ni 336 na 56. Ukiyapata, mfundishe mwenzako.