Wakili akikosea Kiyovu, kalenda haimsubiri mteja

KATIKA mtaa wa Kiyovu, jijini Kigali, nyumba nyingi za zamani zenye bustani na miti mirefu sasa zina vibao vya ofisi getini. Baadhi ya vibao hivyo ni vya mawakili. Mteja anayetoka Nyamirambo kwa pikipiki hufika huko kwa muda mfupi, bahasha ya vyeti ikiwa mkononi, na humwita mwenye ofisi Maître. Ni heshima ya Kifaransa ambayo haikufutika hata baada ya Rwanda kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009.

Heshima hiyo ina gharama yake. Anayekuja kutafuta talaka, malezi ya watoto au sehemu yake ya nyumba hana ujasiri wa kumuuliza Maître ameandika nini kwenye hati ya madai. Husaini alichopewa, hulipa alichoweza, kisha hurudi nyumbani kusubiri simu. Kosa likitokea, yeye ndiye wa mwisho kujua.

Makosa ya mawakili katika mashauri ya familia huwa madogo kwa sura: tarehe iliyopita, cheti ambacho hakikuambatishwa, dai lililosahaulika. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, na sheria mpya ya watu na familia ya mwaka 2024 imelifanya kuwa baya zaidi.

Nchini Rwanda wanaooana kiserikali huchagua utaratibu wa mali: kuchanganya mali yote, kuchanganya sehemu, au kila mmoja kubaki na yake. Sheria ya 2024 imeongeza jambo ambalo wanawake wengi walikuwa wakililia. Kwa wanandoa ambao hawakuchanganya mali yote, mmoja aliyefanya kazi za nyumbani bila malipo anaweza kupewa kati ya asilimia 10 na 39 ya thamani ya mali iliyopatikana wakiwa pamoja. Kwa waliochanganya mali yote, sheria hiyo hiyo imempa jaji nafasi ya kutogawa nusu kwa nusu endapo ndoa haikufikisha miaka 5 na mmoja wao ameomba hivyo.

Chukulia basi mama mmoja wa Nyamirambo aliyeolewa kwa utaratibu wa kila mtu na mali yake. Kwa miaka kumi na miwili amepika, amefua, amelea watoto na kumuuguza mama mkwe, huku mume akijenga nyumba yenye thamani ya faranga milioni 60 kwa jina lake. Wakili wake anafungua shauri la talaka na kuomba malezi na matunzo ya watoto. Kazi ya nyumbani hakuitaja. Hukumu inatoka: talaka imekubaliwa, watoto wanabaki kwa mama, baba atalipa matunzo kila mwezi. Kuhusu nyumba, hakuna neno.

Kwa hesabu ya sheria, mama huyo alikuwa na haki ya kudai kati ya faranga milioni 6 na milioni 23.4. Jaji hakumdhulumu. Katika mashauri ya madai, jaji wa Rwanda huamua yale aliyoombwa, yote na si zaidi. Hata akiona wazi kuwa mama huyo ameachwa mikono mitupu, hawezi kumpa kitu ambacho hakikuombwa.

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kukata rufaa. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, ambayo Wanyarwanda huiita Urukiko rw'Ibanze, hukatiwa rufaa katika mahakama iliyo juu yake ndani ya mwezi mmoja. Lakini sheria ya mwenendo wa mashauri ya mwaka 2018 hairuhusu dai jipya kuibuliwa kwa mara ya kwanza kwenye rufaa. Rufaa ni ya kusahihisha kilichoamuliwa, na hapa hakuna kilichoamuliwa.

Wengi hudhani kuna mlango mwingine wa juu zaidi, ule wa kuomba hukumu ipitiwe upya kwa sababu ya akarengane, yaani dhuluma. Neno hilo husikika sana katika mazungumzo ya Kigali kuhusu mahakama, na si ajabu mama wa mfano wetu akaambiwa na jirani aende huko. Njia hiyo ipo kweli, na ina muda wake mfupi. Ila imewekwa kwa ajili ya makosa ya mahakama: jaji aliyepuuza sheria, au aliyefumbia macho ushahidi uliokuwa mezani. Wakili aliyesahau kuuweka ushahidi huo mezani hatajwi humo.

Msomaji aliyezoea mahakama za Nairobi au Kampala anaweza kushangaa, kwa sababu huko lugha ni nyingine. Kenya ina hukumu maarufu ya Belinda Murai dhidi ya Amos Wainaina, ambamo Jaji Chunilal Madan, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, alieleza kuwa kosa ni kosa, na kwamba mlango wa haki haufungwi kwa sababu tu mwanasheria mzoefu ameteleza. Mawakili wa Kenya wanaijua kama sala. Uganda nayo, katika rufaa namba 8 ya mwaka 1998 kati ya Banco Arabe Espanol na Bank of Uganda, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kosa la wakili lisibebeshwe mteja.

Tanzania ni wagumu zaidi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika maombi ya Lyamuya Construction, namba 2 ya mwaka 2010, anayeomba kuongezewa muda hutakiwa kueleza kila siku aliyochelewa na kuonyesha kwamba alikuwa makini, si mzembe. Wakili asiyeijua sheria si sababu ya kutosha. Hata Kenya yenyewe haimpi mteja msamaha wa bure: majaji huuliza yeye alifanya nini kulifuatilia shauri lake wakati wakili amelala.

Tofauti hii ni muhimu kwa familia za mchanganyiko, na Kigali wapo wengi: mume Mnyarwanda na mke Mtanzania, mke Mnyarwanda na mume Mkenya au Mkongo. Ndugu aliyeko Mombasa au Bukoba hutoa ushauri kwa simu kwa kufuata anayoyajua ya kwao. Kigali, mahakama huanza kwa kutazama tarehe, na rufaa iliyochelewa haipokelewi hata kabla ya kufika kwenye kiini chake.

Kuna jambo moja ambalo watu hulifanya kinyume, na linawagharimu kuliko kosa lenyewe. Mteja akigundua kuwa wakili ameharibu, hasira humpeleka kwanza kushtaki. Huandika barua kwa Chama cha Mawakili wa Rwanda, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 na kupewa sheria mpya mwaka 2013. Kiongozi wake, Bâtonnier, hupokea malalamiko, na chombo cha nidhamu kinaweza kumwonya wakili, kumsimamisha au kumfuta kabisa. Ni haki ya mteja kufanya hivyo. Lakini malalamiko hayo hayasimamishi saa ya rufaa. Mwezi unakwisha mteja akisubiri majibu ya barua, na hata wakili akiadhibiwa, hukumu inabaki kama ilivyo.

Kilicho sahihi ni kuliokoa shauri kwanza, na wakili baadaye. Kama hukumu bado haijatoka, nafasi ni kubwa. Kabla ya shauri kusikilizwa kuna kikao cha maandalizi mbele ya karani wa mahakama, ambapo pande mbili hupitia madai na vielelezo. Hapo dai lililosahaulika bado linaweza kusemwa, na mteja anayehudhuria mwenyewe ana nafasi ya kulisema. Wakili hawezi kukasirishwa na hilo; akikasirika, hiyo nayo ni habari.

Hukumu ikishatoka, wakili wa pili huanza kwa kutafuta katika faili kitu ambacho macho ya wa kwanza hayakukiona. Je, mama alizitaja kazi zake za nyumbani alipohojiwa, na kumbukumbu za mahakama zikaandika? Je, lipo ombi lililoandikwa ambalo jaji hakulijibu? Hayo yana mahali pake kwenye rufaa. Na kama dai halikuwahi kuguswa kabisa, swali lingine hufuata: je, linaweza kufunguliwa kama shauri la peke yake? Dai ambalo halikuamuliwa si sawa na dai lililokataliwa. Hilo ni swali la kupimwa na mtu anayeshika karatasi zote, si la kujibiwa barazani.

Upande wa watoto, sheria ni laini zaidi. Uamuzi kuhusu nani akae na mtoto huweza kubadilishwa pale maslahi ya mtoto yanapotaka hivyo. Wakili aliyesahau kueleza kuwa baba hayupo nyumbani siku tano kwa wiki ameleta usumbufu, lakini hajafunga mlango. Ni mali ndiyo isiyosamehe.

Yakishindikana yote, inabaki fidia. Makubaliano kati ya mteja na wakili ni mkataba, na Rwanda ina sheria ya mikataba tangu mwaka 2011. Ugumu uko kwenye kuthibitisha hasara. Uingereza walilikabili swali hilo mwaka 1958, katika shauri la mjane aliyemdai wakili wake, Kitchen dhidi ya Royal Air Force Association. Mume alikufa kwa umeme nyumbani, na mawakili wakauacha muda wa kudai ukapita. Hakuna aliyeweza kuapa kuwa mjane angeshinda. Mahakama ikapima nafasi aliyoipoteza: madai yake kamili yalikadiriwa pauni 3,000, naye akapewa 2,000. Mwaka 2000 majaji wa House of Lords wakaondoa kinga iliyowalinda mawakili dhidi ya kudaiwa kwa uzembe wao mahakamani. Kati ya mashauri matatu waliyoyasikiliza siku hizo, mawili yalitokana na mgawanyo wa mali baada ya talaka.

Mama wa Nyamirambo akidai fidia atakuwa na kazi nyepesi kuliko mjane huyo kwa jambo moja: sheria yenyewe imeshataja kiwango cha chini na cha juu. Mabishano yatakuwa kati ya asilimia 10 na 39, si kama alikuwa na haki au la. Mradi awe na karatasi.

Na karatasi ndipo wengi wanapokwama. Tangu mwaka 2016 mashauri ya Rwanda hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa IECMS, na taarifa za shauri hupitia humo. Ni hatua kubwa. Faili halipotei tena kabatini. Lakini ikiwa namba ya simu na barua pepe zilizojazwa ni za wakili peke yake, mteja hataona kitu hadi wakili aamue kumwambia. Kuomba namba ya shauri na kujaza simu yake mwenyewe siku ya kwanza hakuhitaji elimu ya sheria.

Asiye na pesa ya wakili wa pili hana sababu ya kukaa nyumbani mwezi upite. Kila wilaya kati ya wilaya 30 za nchi ina ofisi ya msaada wa sheria, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa MAJ, na ushauri wake ni bure. Anayekwenda huko, au anayepanda tena mlima wa Kiyovu kutafuta Maître mwingine, achukue nakala ya hukumu, hati ya madai, kumbukumbu za vikao na mkataba aliosaini na wakili wa kwanza. Kabla hata ya kuuliza kosa lilikuwa nini, mwanasheria atatazama tarehe ya hukumu na kuhesabu siku zilizobaki.