Bata wa Eastlands wafike Pwani wazima

Sisi watu wa Pwani tunaoishi Eastlands, kuanzia Majengo ya Pumwani mpaka Umoja na Kayole, nafasi hatuna lakini kufuga hatuachi. Nyuma ya nyumba utakuta bata wawili watatu, na watoto wameshawapa majina. Taabu huja siku ya kuhama kurudi nyumbani. Bata hufungwa miguu, akatiwa ndani ya gunia, gunia likatupwa kwenye buti la basi. Mwaka jana, katika stendi moja ya Mombasa, niliona bata watano wakishushwa hivyo asubuhi. Watatu walikuwa maiti. Kwa hivyo nimeona tuelezane.

Kinachowaua zaidi ni joto na kukosa hewa. Bata hatoki jasho; hujipoza kwa kuhema mdomo wazi na kwa maji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuna baridi. Ukiteremka kilomita 480 hivi kuja Mombasa, joto huongezeka, hasa kati ya Mtito Andei na Voi. Buti lililofungwa halina hewa, na moshi wa gari huweza kuingia. Kama una gari lako, ondoka saa kumi za usiku, upite Voi jua halijakolea. Bata wakae ndani pamoja nanyi, wala usiwaache kwenye gari lililofungwa mkishuka kula.

Tumia tenga au kreti yenye matundu pande zote. Chini tandika maranda au nyasi kavu. Gazeti tupu huteleza, na miguu ya bata ni dhaifu, huteguka upesi. Wapate nafasi ya kukaa na kugeuka bila kulaliana. Ukimbeba, mshike kiwiliwili pamoja na mbawa zake. Usimning'inize kwa miguu wala shingo.

Chakula wape kidogo, tena saa kadhaa kabla ya safari. Maji ndiyo muhimu. Kila mnaposimama, Emali, Mtito Andei au Voi, wape maji kwenye chombo chenye kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, maana bata husafisha pua kwa maji. Gari likienda, ondoa chombo yasimwagike wakalowa. Badala yake watilie vipande vya tango au tikiti.

Kuna na sheria. Kabla ya safari, muone afisa wa mifugo wa serikali katika eneo lako akupe kibali cha kusafirisha. Si usumbufu wa bure: bata huweza kubeba homa ya mafua ya ndege bila kuonyesha dalili. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulipozuka Uganda, Kenya ilizuia kuku kuingia kutoka huko. Isitoshe, Sura 360 ya sheria za Kenya inakataza ukatili kwa wanyama, na kumsafirisha mnyama kwa njia ya kumtesa ni ukatili.

Mkifika, waweke kivulini, na watenge na kuku wa jirani wiki mbili au zaidi. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: visima vyetu vingi vya Pwani vina maji ya chumvi. Bata aliyezoea maji ya mfereji wa Nairobi, hasa kifaranga, chumvi nyingi humdhuru. Mtafutie maji baridi.

Mtu akiniambia, "Ni bata tu, nitanunua wengine," mimi sikubaliani naye. Mnyama uliyemfunga mwenyewe hawezi kujitafutia maji wala hewa, ni juu yako kumpa. Na kama huna nafasi ya kuwasafirisha hivi, heri uwaachie jirani huko huko Umoja, awalee.