Mlango Ukioza Chini, Usiung'oe Wote

Mlango wa nakshi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hauozi wote kwa pamoja. Huanzia chini, pale maji ya mvua yanaporukia. Wakati miguu ya fremu inamomonyoka, huko juu kizingiti bado kizima: mnyororo, mtende, maua, pengine na mwaka wa Hijria. Mwenye nyumba asiye na subira huona ule uozo tu, akaung'oa mlango wote na kutia wa chuma.

Fundi anayejua kazi hukata pale palipooza, akaunga mti wa aina ileile, msaji kwa msaji, mvule kwa mvule, akifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Mashine ya msasa haigusi nakshi, kwani hula kingo za mchoro, na kingo zikishaliwa hazirudi. Mfaa, ule ubao wa katikati unaoziba mwanya wa mabawa mawili, ndio wa kulindwa kuliko yote. Aghalabu ndipo mchongaji alipomalizia ustadi wake.

Lamu, hasara kubwa iko ukutani. Nyumba za karne ya 18 zina vidaka, safu za vishubaka vya lipu ya chokaa vilivyonakshiwa, vinavyopamba ukuta wa chumba cha ndani. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe, nao hunywa unyevu na kuutoa. Chokaa huupisha. Saruji huuziba, na unyevu uliokosa njia hukusanya chumvi nyuma ya lipu hadi lipu inabambuka, nakshi ikiwamo. Kwa hiyo mfuko wa saruji ulionunuliwa kwa nia njema ndio unaovunja kidaka kilichostahimili zaidi ya miaka 200.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Nchini Kenya, sheria ya urithi ya 2006 inavitaja kwa jina milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946 kuwa ni vitu vinavyolindwa. Lakini sheria haishiki patasi.

Basi mwenye nyumba, kabla hujamwita fundi wa chuma au kuagiza saruji, waulize kwanza: Zanzibar ipo mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, na Lamu wapo Makumbusho ya Taifa. Na hata kama umeshaung'oa mlango, usimuuzie mpita njia.