Nguvu ya bomba la plastiki imo udongoni

BOMBA la plastiki lililozikwa chini ya barabara halibebi mzigo peke yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na udongo unaolizunguka. Ndiyo maana bomba jipya lisilo na kasoro yoyote huweza kuharibika kwa sababu tu mtaro ulifukiwa kwa pupa.

Mwaka 1913, mhandisi Anson Marston wa Iowa, Marekani, alieleza jinsi ya kukadiria uzito wa udongo unaolielemea bomba mtaroni. Nadharia yake ilifaa mabomba magumu, kama yale ya saruji, ambayo hustahimili mzigo au hupasuka. Mwanafunzi wake, Merlin Spangler, alionyesha mwaka 1941 kwamba bomba linalopindika lina tabia tofauti.

Likilemewa kutoka juu, bomba hilo hupungua kimo na kutanuka mbavuni. Mbavu husukuma udongo wa pande zote mbili, nao udongo ulioshindiliwa vyema hukataa kusogea na kulizuia bomba lisizidi kubonyea. Aidha, mgongo wa bomba ukishuka kidogo, baadhi ya mzigo huhamia kwenye udongo wa kando, mithili ya tao linavyotua uzito wa ukuta juu ya nguzo zake.

Hesabu za Spangler, zilizorekebishwa mwaka 1958, zinadhihirisha hayo. Kwa bomba la kawaida la PVC la maji taka, mchango wa udongo ulioshindiliwa vyema katika kuzuia kubonyea unaweza kufika takriban mara 9 ya ule wa bomba lenyewe. Udongo ukimwagwa tu na kuachwa, mchango wake huweza kushuka hadi chini ya nusu ya ule wa bomba.

Kwa kawaida wahandisi hutaka kimo kisipungue kwa zaidi ya asilimia 5 hivi. Yaani milimita 10 kwa bomba lenye kipenyo cha milimita 200.

Ili kutimiza hilo, bomba hulazwa juu ya mchanga au changarawe, kisha pande zake hujazwa na kushindiliwa tabaka baada ya tabaka, hasa chini ya mbavu ambako sepetu haifiki kwa urahisi. Mawe makubwa hayafai, wala udongo mweusi kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, ambao huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi.

Mwanakandarasi akikwepa kazi hiyo, lami huficha kosa lake hadi barabara ibonyee na maji taka yavuje. Mkaguzi hana budi kufika mtaro ungali wazi.